Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ni Kipi Tunachomuuzia Mgeni?



Juma hili tumeona tuiweke kando mada tuliyokuwa nayo, tulizungumze swali lililotujia mlangoni mwa madrasa yetu hapa Shimanzi. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, watoto wamekwisha kutoka, na malori ya maghala yangali yakipita na kutimua vumbi. Aliyelileta ni mama mmoja wa mtaa wetu, mjane, fundi wa hina na piko anayejulikana kuanzia Makupa hadi Kibokoni. Jina lake hatulitaji. Idhini ya kuyaandika haya ametupa mwenyewe, akasema kuwa si yeye peke yake anayeulizwa jambo hili msimu huu wa kaskazi, meli za watalii zinapotia nanga Kilindini.

"Maalim," alisema baada ya kutoa salamu, "binti yangu naozesha mwezi ujao, inshallah. Amenijia mtu wa kupokea wageni. Ana wageni 12, wanawake kwa wanaume, watu wenye mali. Ngome wameshaiona, jahazi wameshalipanda, na sasa wanataka kuona utamaduni wenyewe wa Waswahili. Anataka niwaingize kwenye kupamba. Wakae, wale, wapakwe hina, wampige picha bibi harusi, kisha waende zao. Atanipa shilingi 60,000."

Tukamuuliza: "Na wewe, mwanangu, moyo wako wasemaje?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Moyo wangu wakataa, Maalim. Lakini fedha hizo ndizo zilizonipungukia. Nikizipata siendi kukopa kwa mtu. Je, ni halali yangu ama si halali?"

Siku ile hatukumjibu. Majibu mepesi yalikuwepo mawili, na yote mawili tuliyaogopa. La kwanza ni kumwambia kuwa ni haramu, basi, aende zake, nasi tukamwacha na deni lake. La pili ni kumwambia kuwa riziki imemjia, aichukue, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulimwomba atupe siku tatu. Siku hizo tulizitumia kufikiri na kuuliza, na leo tunawaandikia tuliyoyapata.

Kwanza tukumbushane kuwa sisi watu wa kisiwa hiki hatujaanza jana kupokea wageni. Pepo za kaskazi na kusi zimewaleta mabaharia wa Arabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa karne nyingi, wakikaa miezi wakingoja upepo ugeuke. Walikuja pia wageni ambao hawakuomba mlango. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni ushahidi wa mgeni aliyejipa mwenyewe cheo cha mwenyeji. Leo ngome ile ni makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia, kama ilivyouandika Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Kwa hiyo kuja kwa wageni si ajabu. Lililo geni ni kwamba mgeni wa leo analipa fedha nyingi ili aionje hali yetu yenyewe: namna tunavyokula, tunavyovaa, tunavyooza. Mababu zetu walimuuzia mgeni nafaka, nazi na boriti za mikoko, na sisi tunaombwa tumuuzie sebule.

Dini yetu imetuamrisha kumkirimu mgeni. Nani asiyekijua kisa cha Nabii Ibrahim (a.s.) na wale wageni asiowajua, alivyokwenda upesi kwa watu wake akarudi na ndama aliyenona? Na Suratul Hujuraat, katika aya ya 13, inatufahamisha kuwa tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane. Kwa hiyo asiseme mtu kuwa kukaa na mgeni wa dini nyingine na kumweleza mila zetu ni kosa. Lakini dini hiyohiyo imetufundisha kubisha hodi, kuomba idhini kabla ya kuingia, na kurudi tulikotoka bila kinyongo tukiambiwa turudi. Ukarimu una mlango, na funguo za mlango huo ziko kwa mwenye nyumba.

Katika siku zile tatu alitutembelea kijana aliyekuwa mwanafunzi wa madrasa yetu, ambaye sasa ni mpishi wa familia moja tajiri kule Muscat. Alikuja kumsalimu mama yake, naye hupita kutujulia hali. Tulipomsimulia swali la yule mjane, pasi na kumtaja, alicheka kidogo akasema: "Maalim, mimi nimeyaona hayo kwa upande wa pili. Mimi nilikuwa na hao wanaolipa." Akatueleza safari aliyofuatana na mabwana zake kwenda Japani.

Wajapani si wageni kabisa kwetu. Magari tunayopanda kila siku mengi ni yao, yameshushwa bandarini hapa yakiwa yameshatumika kwao. Kituo cha pili cha makasha katika bandari yetu, ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2016, kimejengwa kwa mkopo wa Japani. Vyombo vyao tumevizoea, ila adabu za nyumba zao hatuzijui. Kwa hiyo tulimsikiliza kijana wetu kwa makini.

Alisema kuwa katika mji wa Kyoto, ambao ulikuwa makao ya wafalme wao kwa zaidi ya miaka elfu moja, mabwana zake walilipia fedha nyingi ili wahudhurie shughuli ya chai, ile ambayo wenyewe huiita chanoyu. Walidhani wataketi kitako, waletewe chai, wapige picha, wamalize kwa nusu saa. Mambo hayakuwa hivyo. Waliambiwa wavue viatu na wanawe mikono. Waliambiwa simu zibaki nje. Kisha wakaonyeshwa mlango wa kuingilia, na mlango wenyewe ni kama dirisha dogo, upana na urefu wake haufiki hata mita 1. Bwana yule, ambaye kwao hufunguliwa milango na watumishi, ilimbidi ainame na kutambaa kwa magoti.

Mlango huo mdogo una historia. Anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeipa shughuli hiyo taratibu zake ni bwana Sen no Rikyū, aliyezaliwa mwaka 1522 na kufariki mwaka 1591. Zama zake zilikuwa zama za vita na mabwana wenye panga. Wajapani husimulia kuwa mlango ulifanywa mdogo makusudi, ili mwenye upanga auache nje, na mkubwa na mdogo waingie kwa kuinama sawasawa. Ndani hakuna dhahabu wala viti vya fahari. Kuna mikeka ya tatami, maua machache na maandishi yaliyotundikwa ukutani, na sufuria ya chuma inayochemsha maji.

"Tulikaa vile tunavyokaa katika tahiyatu," alisema kijana wetu. "Wageni wengine miguu iliwafa ganzi. Mimi sikuona taabu, nikamshukuru Mola kwa swala." Mwenyeji, mwanamke wa makamo, aliwapa kwanza kitu kitamu kidogo, kisha akaikoroga chai ya kijani kwa kifagio cha mianzi hadi ikafanya povu, akampa kila mmoja bakuli. Kila bakuli linapokelewa kwa mikono, linageuzwa kidogo kwa heshima, ndipo mtu anywe. Chai yenyewe ni chungu. Kijana wetu alisema hapo alizikumbuka baraza za Mji wa Kale: halua kwanza, halafu kikombe kidogo cha kahawa thungu kutoka kwenye dele la shaba. Wametengana nasi kwa bahari na ardhi, lakini na wao wamejua kuwa utamu hutangulia, uchungu hufuata, na mazungumzo huja baadaye.

Bibi wa familia ile aliomba apige picha mwenyeji akiwa kazini. Mwenyeji aliinama kwa adabu, akasema kuwa shughuli ikimalizika wataweza kupiga picha za bustani na za bakuli. Hakukasirika, na neno lake hakulibadilisha. "Maalim," kijana wetu alitwambia, "wale mabwana wamezoea kuongeza fedha ili sharti liondoke. Pale fedha zilikuwa zimeshalipwa, na sharti likabaki mahali pake. Na wallahi, walitoka wakiwa wanamheshimu yule mama kuliko watu wote waliowahudumia safari nzima."

Tunajua miongoni mwa wasomaji wetu wapo watakaosema kuwa shughuli ile ina mizizi katika dini ya Kibudha, na ni kweli kwamba ilikua kwa karibu sana na watawa wa Kizen. Sisi hatuchukui itikadi ya mtu wala ibada yake. Tunaangalia adabu ya mwenye nyumba mbele ya mgeni mwenye mali, na hekima ni ya Muumini popote aikutapo. Na kwa familia zitakazojaaliwa kufika huko, tunawajulisha kuwa Waislamu wapo. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935 na umesalimika katika mabomu ya vita na tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1995. Ila muwe na hadhari na chakula, kwani mapishi yao mengi hutiwa mirin na sake, na vyote viwili vina kileo.

Tulitaka kujua ni kwa nini fundi wa Kyoto anaweza kushikilia sharti lake, na fundi wa hina wa Shimanzi hawezi. Je, wao wana imani kutuzidi? La hasha. Jibu moja ni kuwa nyuma yao ipo nchi. Mwaka 1950 Japani ilitunga sheria ya kuhifadhi mali za utamaduni, na sheria hiyo haikulinda majengo peke yake, ililinda pia ujuzi ulio mikononi mwa watu. Mafundi waliobobea, wa ufinyanzi, ufumaji, upakaji rangi wa vitambaa, useremala na sanaa za jukwaani, huteuliwa na dola, na watu huwaita hazina hai za taifa. Kila mmoja hupewa yen 2,000,000 kwa mwaka ili aendeleze kazi na kufundisha warithi. Fundi wa namna hiyo, akijiwa na mtu wa kupokea wageni, hazungumzi naye akiwa na njaa.

Kwetu sisi, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 11 imeutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiasili. Hayo ni mema. Lakini mama anayeshona kofia ya mkono kwa miezi, uzi kwa uzi, bado anaiuza kwa bei anayopangiwa na mwenye duka. Fundi wa nakshi za milango anasifiwa kwa Kiingereza na kulipwa kwa kuchelewa. Na huyu mjane wetu anapaka hina mikono ya wageni hotelini kwa malipo ambayo, ukiyalinganisha na bei ya usiku mmoja wa chumba kile, ni kama punje katika gunia. Mwenye shida hukubali sharti la mwenye fedha. Basi ugonjwa wa kwanza hapa ni ujira wa fundi, na utamaduni huumia baadaye.

Na hata huko kwenye sheria na fedha, hawajasalimika na usumbufu. Katika mtaa wa Gion, Kyoto, wanawake wasanii wanaoitwa geiko na maiko walikuwa wakifuatwa vichochoroni na wageni wenye kamera, wakizibiwa njia na kuvutwa nguo. Mwaka 2024 wenyeji wa mtaa ule walifunga vichochoro vyao vya binafsi kwa watalii, wakaweka vibao vya faini ya yen 10,000. Wao wanaishi kwa wageni, na bado wakasema: mpaka hapa, basi.

Tulipofika hapo katika fikra zetu, tulitambua kuwa jibu lenyewe wala halikuhitaji kutoka Japani. Mababu zetu walilijenga kwa mawe na chokaa. Nyumba za kale za Lamu, ambazo wengi wenu mmezitembelea, zina daraja za kuingia. Nje pana daka na baraza, hapo hukaa kila mtu, mpita njia na mwenye haja. Ukiingia kuna tekani, na njia imepindishwa ili macho ya barabarani yasifike uani. Halafu kiwanda, halafu msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho kabisa ni ndani, mahali pa wanawake na siri za nyumba. Mgeni wa kulala alitengewa sabule, chumba chenye njia yake mwenyewe, apate raha bila kuvuka sitara ya watu. Waliojenga vile walikuwa wafanyabiashara wa kimataifa, wakila na wageni wa kila lugha, na kila mgeni walimkirimu kwa kadiri ya daraja yake. Hawakumfukuza mtu barazani, wala hawakumkaribisha kila mtu ndani.

Siku ya tatu yule mama alirudi, akiwa pamoja na binti yake. Tukawakaribisha, tukawaambia rai yetu kama ifuatavyo.

Kupamba si mali yako peke yako uweze kuiuza. Wanawake watakaokuja siku ile watafunua vichwa vyao, watavaa mavazi yao, watacheza na kufurahi, kwa kuwa umewapa ahadi isiyoandikwa kwamba hakuna jicho la mwanamume wala kamera. Ukimwingiza mtu mwenye kamera kwa fedha, umeuza sitara ya jirani zako, na wao hawakukuuzia. Na wakwe zako je, umewaambia? Akainamisha kichwa. Binti, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasema kwa sauti ndogo: "Mama, mimi ningekubali kwa ajili yako. Lakini siku ile naitaka iwe yangu."

Mama yake alilia. Nasi, ndugu wasomaji, hatuoni haya kusema kuwa machozi yalitulenga.

Kisha tukamwambia sehemu ya pili. Hina ni kazi yako, na kazi ya mikono ni halali na ni heshima. Mwambie mtu yule kuwa kupamba hakuna, lakini siku nyingine, nyumbani kwako, chumba cha mbele, utawapokea wageni wanawake, wasizidi 6. Watavua viatu. Simu watazitia kwenye kapu mlangoni. Utafukiza udi katika chetezo, utawapa halua na kahawa, utawaeleza lini hina hupakwa kwetu, na kwa nini bibi harusi hupakwa namna yake. Wakimaliza, wapige picha mikono yao wenyewe. Bei uitaje wewe, na fedha zilipwe mkononi mwako kabla ya siku.

"Na wakikataa, Maalim?"

Tukamjibu kuwa huenda wakakataa. Hatukuwa na dhamana ya kumpa.

Nasi tunawaeleza yaliyotokea bila kuyatia chumvi. Mtu yule alikasirika, akasema wageni wake walikwisha kuahidiwa harusi. Siku mbili akatoweka. Siku ya tatu alipiga simu, akasema wapo wanawake 4 waliokubali masharti. Walikuja, wakaketi mkekani, na shughuli ilichukua muda wa baina ya adhuhuri na alasiri. Mmoja wao, bibi mzee mwenye mvi, hakutaka kuondoka mpaka ajue jina la kila ua lililochorwa mkononi mwake. Aliuliza pia ni nani atakayeurithi ufundi ule, na mjane wetu akasema kuwa hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, hata na jamaa zake.

Malipo aliyoyapata yalikuwa shilingi 16,000. Ni fedha za halali na ni nyingi kwa mchana mmoja, lakini si 60,000. Upungufu ulibaki. Wanawake wa mtaa walichanga, sisi tukasema na wakwe ili shughuli ipunguzwe, na badala ya ukumbi wakatumia uwanja wa nyumba ya jirani, ukazungushiwa turubai. Kupamba kulifanyika, sitara ikahifadhika, na binti sasa yuko kwake. Mama yake alitwambia juzi: "Sijuti, Maalim. Ila usiwaambie watu kuwa ilikuwa rahisi." Basi hatuwaambii.

Kutokana na kisa hiki tuna nasaha chache kwa familia zetu.

Kila nyumba inayopokea wageni kwa malipo, iwe kwa chakula, hina, kofia, leso au hadithi, iketi kwanza na watu wake na ikubaliane ni kipi cha barazani na ni kipi cha ndani. Msingoje kuamua mgeni akiwa mlangoni na fedha mkononi, kwani wakati ule ulimi huwa mzito. Swala, janaza, kupamba na mambo ya wagonjwa si maonyesho. Kuchora hina, kupika mahamri na mbaazi, kueleza majina na misemo ya leso, kufundisha kusuka ukili, hayo ni kazi, na mwenye kazi ana haki ya ujira wake.

Watoto wasipigwe picha bila idhini ya wazazi. Na mtoto asizoeshwe kumfuata mtalii akiomba shilingi, maana anayejifunza kujionyesha kwa shilingi 20 hujifunza pia kuwa hiyo ndiyo thamani yake.

Mafundi wapatane bei. Akina mama watano wakishindana kushusha bei, anayefaidika ni yule aliye katikati. Wakiwa na sauti moja, kama wenyeji wa vile vichochoro vya Gion, hata mwenye hoteli husikiliza.

Na wale miongoni mwetu ambao Mola amewakunjulia mkono, tunawaomba jambo. Mnapokwenda Lamu na Unguja, au Istanbul na Kyoto, nyinyi ndio wageni wenye mali. Msiulize mara ya kwanza kama sharti laweza kuondoka kwa nyongeza ya fedha. Inameni mlangoni. Muulizeni fundi jina lake na mwalimu wake, na mlipeni yeye. Na kabla ya kwenda kulipia ustaarabu wa mbali, mwulize kila mmoja wenu ni lini mara ya mwisho alimlipa fundi wa mtaani kwake bei aliyoitaja bila kumpunguzia.

Mwisho, ile hali ya mafundi wetu haitatengenezwa na safu ya jarida. Lakini madrasa yetu, kwa shauri la akina mama, imekubali kutoa chumba kimoja kila Jumamosi baada ya adhuhuri, ambapo mjane wetu atawafundisha wasichana hina kwa ada ndogo inayokwenda kwake yote. Tumepata wasichana 7. Mwenye binti anayependa na amlete. Waje na adabu, simu zao zitatiwa kapuni.

Mwenyezi Mungu azistiri nyumba zetu, ambariki kila mwenye kula jasho la mikono yake, na atujaalie tuwe wenyeji wema na wageni wema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshallah.